Bibi Anafanya Nini?

Kwa muda wa miaka 37 nilifundisha sarufi, kwanza nikiwa mwalimu wa kawaida na baadaye mwalimu mkuu, na katika miaka hiyo yote sikupata kufikiri kwamba sarufi yaweza kumwaibisha mtu. Makosa ya sarufi huaibisha, hilo nalijua, na wengi niliwaaibisha kwayo. Lakini sarufi iliyo sahihi kabisa, isiyo na kosa hata la nukta, imsimamishe mtu mzima na kumwuliza alikuwa wapi siku zote? Hilo lilinipata ugenini, nikiwa na umri wa miaka 68, mbele ya mtoto wa miaka saba.

Binti yetu wa pili ameolewa Hispania, katika mji wa Valencia, na mwaka 2018 alinialika nikae naye miezi mitatu. Mama yake alikuwa ametutoka mwaka 2016, na nadhani binti aliona kwamba nyumba ya Muheza imeanza kunilemea. Nikaenda na begi moja, dawa zangu za presha, na daftari jipya. Mwalimu hata akistaafu hawezi kusafiri bila daftari. Ndani ya daftari nilitia picha moja ya mke wangu.

Mjukuu wangu anaelewa Kiswahili akisemeshwa, lakini akijibu hujibu Kihispania. Basi tukapatana: yeye anifundishe lugha yake, mimi nimfundishe vitendawili. Darasa letu lilikuwa jikoni, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na joto na watu. Alikuwa mwalimu mkali. Nilipokosea alifumba macho na kungoja nijirekebishe mwenyewe, njia ambayo sisi chuoni tulifundishwa na wengi wetu tukaisahau mara tulipoikamata chaki.

Siku ya kwanza nilishtuka kidogo. Bibi yake wa upande wa baba, mama mzazi wa mkwe wangu, alipoingia, mtoto alimkimbilia akiita, "Yaya! Yaya!" Nikajiuliza, jamani, huyu ni mama wa mwenye nyumba, vipi aitwe yaya kama mtumishi wa kulea watoto? Binti akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe huko Valencia yaya ndiye bibi. Baada ya hapo nilianza kusikiliza kwa makini zaidi, nikakuta kwamba jiko lao na letu yamewahi kukopa kwa jirani mmoja. Wao husema "azúcar", sisi sukari. Wao "azafrán", sisi zafarani. Mafuta yao ya kupikia ni "aceite", na ndani yake mnasikika zeituni yetu. Yote hayo ni Kiarabu. Hata mpunga wa Valencia, unaolimwa mpaka leo kando ya ziwa la Albufera, ni urithi wa Waarabu waliotawala nchi ile kwa karne nyingi. Nilijiona si mgeni sana.

Sasa niingie katika somo lenyewe. Kihispania kina vitenzi viwili vya "kuwa", na wanafunzi wengi huchoka hapo hapo. "Ser" hueleza mtu ni nani au kitu ni nini. "Estar" hueleza yuko wapi, yuko katika hali gani. Asili yake ni neno la Kilatini la kusimama. Wakitaka kusema kwamba tendo linaendelea wakati huu, humchukua huyo "estar" wa kusimama, kisha hukipa kitenzi cha kazi mwisho wa "-ando" au "-iendo". "Está pelando ajos": yupo anamenya vitunguu saumu. "Está friendo la carne": yupo anakaanga nyama. "El agua está hirviendo": maji yanachemka. Ukipenda kutafsiri kwa uzito wake wote, ni kama kusema mtu amesimama ndani ya kumenya, amesimama ndani ya kukaanga.

Sisi kiambishi chetu "-na-" kinabeba mizigo miwili bila kulalamika. "Mama anapika" yaweza kuwa sasa hivi moshi unapanda, na yaweza kuwa ndiyo kazi yake, anapika kwenye mgahawa stendi, hata kama saa hii amelala. Kwao ukisema "cocina" unaweza kumaanisha lolote kati ya hayo, kama sisi. Lakini ukisema "está cocinando" kwa kawaida umefunga mlango: unasema habari ya tendo ambalo sasa limeanza na halijakwisha. Wala hawaitumii kwa kesho, kama Waingereza wanavyofanya. Kesho "cocino", nitapika, si "estoy cocinando". Laiti watu wa kwetu wangebanwa hivyo, wale wanaokwambia kwenye simu "niko njiani" na huku unasikia maji ya bafuni.

Kila Jumapili yaya alikuja kupika paella, na mimi na mwalimu wangu tulikaa kwenye viti vya jikoni tukisimulia anayoyafanya. Lilikuwa zoezi zuri kuliko lolote nililowahi kulibuni. Sufuria yake ni pana kama sinia, haina kina, ina mikono miwili, nayo yenyewe ndiyo inayoitwa paella. Anatia mafuta ya zeituni, anakaanga kuku na sungura polepole mpaka wabadilike rangi, anatia maharage mabichi, anasogeza vitu pembeni na kukaanga nyanya iliyokunwa katikati, ananyunyizia pilipili tamu ya unga na hapo hapo anamwaga maji, kwa kuwa ile pilipili ikichelewa kidogo huungua na kuleta uchungu. Kisha zafarani, kisha mchele. Mchele ukishatandazwa hauguswi tena na mwiko. Kukoroga ni kosa kubwa. Kwa dakika kama 18 hivi mpishi anasikiliza tu. Nikauliza, sasa yaya anafanya nini? Mtoto akajibu, "El arroz se está haciendo." Wali unajifanya wenyewe, yaani unaiva. Na yule bibi, mikono imekunjwa kifuani, alikuwa kazini kuliko wakati wote, kwa maana alikuwa akingoja mlio wa chini ubadilike, ule wa mchele unaoanza kushika. Ule ukoko wanauita "socarrat", na wanaugombania mezani. Nyumbani kwetu nasi tuliugombania.

Walinifundisha pia kusema muda wa kazi. Wao hawasemi nina saa moja napika. Husema "llevo una hora cocinando", na hiyo "llevo" ni kubeba. Nimebeba saa moja nikipika. Niliiandika katika daftari, nikapiga mstari chini yake, bila kujua ni kwa nini.

Jioni moja mtoto akaiona picha. Niliipiga mwenyewe mwaka 1984, kwa kamera ya kuazima, katika jiko letu la nje. Mke wangu ameinama, kitambaa kichwani, mikono yote miwili kwenye mwiko, moshi umemfunika nusu ya uso. Mtoto akaniuliza kwa sauti ya mtihani, "¿Qué está haciendo la abuela?" Bibi anafanya nini? Nikajibu upesi, kwa fahari, "Está cocinando." Anapika. Akafumba macho, akangoja. Nikarudia. Akatikisa kichwa: ndiyo, anapika, hilo analiona, lakini anafanya nini? Anakoroga? Anakaanga? Anaponda? Ni nini kimo chunguni?

Sikujua.

Nikaitazama tena picha ile ambayo nimeitazama mara mia. Ugali? Uji? Makande? Sikuweza kusema. Nilikula chakula cha mikono ile kwa miaka 41, tangu 1975 tulipooana. Nilikuwepo siku ile. Nilikuwa nimesimama hatua tatu mbele yake na jicho kwenye kamera. Wala si kwamba nilipungukiwa na maneno ya Kihispania, maana hata Kiswahili hakikunisaidia. Na Kiswahili kina maneno, ndugu msomaji, ambayo ukiyaandika ubaoni utajaza ubao: kupepeta, kuchambua, kutwanga, kukuna nazi, kuchuja tui, kubandika, kutokosa, kuunga, kusonga, kupalia makaa, kuipua. Niliyafundisha yote katika msamiati. Nyumbani nililihitaji moja tu, nalo lilikuwa katika wakati mwingine kabisa: "Amepika?"

Usiku ule nilikumbuka somo la falsafa ya elimu chuoni, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ambapo mkufunzi mmoja alitupitisha kwa haraka juu ya Aristotle. Katika kitabu cha tisa cha Metafizikia mzee huyo anatenga matendo ya aina mbili. Yapo ambayo ukiyatenda tayari umeyatenda: anayeona, papo hapo ameona, anayeelewa, ameelewa. Na yapo ambayo maadamu unayatenda bado hujayatenda: anayejenga nyumba bado hajaijenga, na siku atakapokuwa ameijenga, hajengi tena. Haya ya pili, kwake, ni matendo yasiyotimia, kwa kuwa ukomo wake uko nje yake. Kupika bila shaka kungeingia humo. Anapika, bado hajapika. Amepika, hapiki tena.

Tukiwa vijana tuliona hoja hii ni safi sana. Uzeeni imenikwama kooni. Maana kama thamani ya kupika iko yote katika chakula kilichokwisha, basi tuulize chakula hicho hukaa muda gani. Nyumba hukaa. Wali wa saa mbili za kazi huliwa kwa dakika 15, na kinachobaki ni vyombo vya kuosha. Mwanamke aliyepika miaka 41, akipimwa kwa vilivyotimia, hana cha kuonyesha hata sahani moja. Hukumu ya namna hiyo haiwezi kuwa ya haki. Na bado ndiyo niliyoitumia maisha yangu yote bila kuijua, mimi niliyejiona mtu wa haki.

Mkwe wangu, ambaye husoma sana, nilipomweleza hayo alinitajia mtawa mmoja wa Mexico, Sor Juana Inés de la Cruz. Mwaka 1691 askofu alikuwa amemshauri apunguze elimu ya dunia, naye akaandika jibu refu la kujitetea. Katika jibu hilo anasema hata jikoni hakuacha kujifunza. Aliliangalia yai, jinsi linavyoshikamana likiwa katika mafuta na kusambaratika likitiwa katika maji ya sukari. Na anamtania Aristotle kwamba lau angeshika sufuria, angepata mengi zaidi ya kuandika. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mama yule aliyajua mambo ya yai kwa sababu alikuwapo yai lilipokuwa likikaangwa. Aristotle, kama mimi, huenda aliliona likiwa tayari sahanini.

Wapo watakaoniambia kwamba sasa nataka kuyafanya majungu kuwa ibada. La hasha. Nimewasikia wanaume wakihutubia juu ya utukufu wa kazi ya jikoni, nao huhutubia wakiwa wamekaa sebuleni. Mke wangu katika picha ile hakuwa akisali; alikuwa akikohoa. Kuni zilikuwa mbichi, na zililetwa na mimi. Sisemi kwamba tendo linaloendelea ni tamu. Nasema lipo, na lina mtu ndani yake, na anayengojea litimie ndipo alihesabu amemruka mtu huyo.

Nina kisa kingine ambacho kwa muda mrefu nilikieleza kama mfano wa nidhamu. Katika shule moja niliyoiongoza miaka ya themanini alikuwapo binti wa darasa la sita aliyechelewa mara kwa mara. Nilimwuliza mbele ya gwaride la asubuhi sababu ni nini. Akasema, "Nilikuwa napika, Mwalimu." Watoto wakacheka. Nikamwambia kupika si udhuru, watu wote wanakula na hawachelewi, nikampa adhabu ya kufagia uwanja. Mama yake alikuwa mgonjwa na yeye aliwapikia wadogo zake uji kabla ya kutoka. Hilo nililijua baadaye, kutoka kwa mwalimu wa darasa. Lakini tazama jibu lake: "nilikuwa napika." Hakusema "nilipika". Alikuwa akinipa habari ya jambo lililokuwa halijakwisha, jambo ambalo hakuweza kuliacha katikati kwa sababu kengele imelia. Uji unaoendelea hausikilizi kengele. Mimi, mwalimu wa sarufi, niliisikia kauli ile na sikuisikia. Binti yule sijui aliishia wapi. Aliacha shule kabla ya mtihani wa darasa la saba, na katika kitabu cha taarifa nilimwandika "mtoro".

Liko na jambo la tatu, ambalo sikumwambia mjukuu. Asubuhi aliyougua mama yake mama yake, mwaka ule wa 2016, alikuwa amebandika maharage. Alisikia kizunguzungu, akaketi kwenye kigoda, jirani akaniita. Tukampeleka hospitali, na hakurudi. Siku ya pili niliporudi kuchukua nguo nilikuta jirani ameipua chungu na kukifunika. Maharage yalikuwa nusu, magumu kwa ndani. Nikayamwaga.

Kwa Aristotle tendo lile halikutimia, na kwa kipimo chake ni kweli: hakupika maharage. Hakuna aliyeyala. Lakini "alikuwa anapika maharage" ni sentensi ya kweli, na haihitaji maharage yaive ili iwe kweli. Kwa Kihispania ni "estaba cocinando". Nimeigeuza sentensi hiyo kwa lugha zote tatu ninazozijua na kila mara inasimama. Sikuwa na uwezo wa kuifikiria hivyo kabla ya mtoto yule kufumba macho na kuningoja. Nilikuwa nikiyakumbuka maharage yale kama kitu kilichoharibika.

Niliporudi Muheza nilimpelekea shemeji yangu picha, dada yake marehemu, nikamwuliza swali la mjukuu. Hakuchukua hata dakika. "Ugali," alisema. "Huoni ameweka mguu kwenye chungu kisizunguke? Na mwiko ameushika kwa mikono miwili, ndiyo unakaza. Angalia bega hilo la kulia, limepanda. Hapo amebakiza kugeuza mara tatu nne, aipue." Kisha akanitazama kwa namna ambayo mashemeji hutazamana. "Shemeji, hii si wewe uliyeipiga?"

Nikaandika barua Valencia. Nilitaka kumpa mwalimu wangu jibu kamili, na hapo nikakwama kwa upande wa pili. Kamusi ilinipa "removiendo", lakini huko ni kukoroga, kwa supu au kahawa. Ikanipa "amasando", ambayo ni kukanda unga wa mkate kwa viganja. Kusonga sikukuona. Mwishowe niliandika "está removiendo" na chini yake nikaeleza kwa Kiswahili, kwa mistari sita: maji yanachemka, unga unatiwa kidogo kidogo, mguu kwenye chungu, mikono miwili, bega. Nilipoandika hayo nilisimama nikaenda jikoni kujaribu, ili nisiongope. Ulitoka na mabuje. Nikaula.

Jibu lilikuja kwa simu ya binti. Mtoto ameisahihisha sentensi yangu, alisema, na ameibandika picha niliyompa nakala yake kwenye mlango wa jokofu, na chini ameandika mwenyewe: "La abuela está songando el ugali." Mama yake alimwambia hakuna neno kama hilo katika Kihispania. Akajibu kwamba sasa liko. Na Jumapili iliyofuata yaya alikuwa jikoni akipika unga katika maziwa kwa ajili ya vile vibonge vyao vya kukaanga, ule uji wao mzito unaogoma kugeuka, ameshika mwiko kwa mikono miwili na bega limepanda. Mtoto akapita mlangoni, akamtazama, akawatangazia waliokuwa sebuleni kwamba yaya "está songando".